Kamera Bubu Si Kamera Mfu

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Neno hili lilitujia akilini siku moja tulipokuwa tukikagua ghala ya ofisi yetu ya uhusiano, tukiandika orodha ya vifaa vilivyochakaa ili vipelekwe mbele ya bodi na kufutwa katika daftari. Katika rafu ya mwisho, nyuma ya mashine mbili za kupiga chapa, tulikuta kamera ya filamu iliyotengenezwa Japani katika miaka ya 1980. Mwili wake ulikuwa mzima na lenzi yake haikuwa na ukungu. Lakini juu yake, penye dirisha dogo la kuonyesha tarakimu, palikuwa na doa jeusi mfano wa wino uliomwagika. Tulitia betri mpya, na bado hatukuona tarakimu hata moja iliyosomeka. Basi tukaandika katika orodha neno moja tu: "Imekufa."

Neno lile lilikuwa la haraka, na haraka yetu ilikuwa na gharama. Kwa amri yetu wenyewe, kijana mmoja wa ofisi alifungua mgongo wa kamera ile ili atazame kama ndani mlikuwa na kutu. Ndani mlikuwa na filamu. Aliufunga papo hapo, walakini nuru ilikuwa imekwisha kuingia.

Twayasimulia haya bila kuficha, kwa sababu wapiganaji wenzetu na ndugu zetu wa polisi wangali na vifaa vingi vya umri ule katika maghala yao: kamera, redio, vipimo na mizani, vyote vikiwa na vioo vya tarakimu vya namna moja. Yatupasa kujua vioo hivyo hufanyaje kazi, huugua maradhi gani, na kwa nini fundi hupata taabu kubwa kuviponya.

MZEE ALIULIZA SWALI MOJA

Tulimwita mzee mmoja, sajenti mstaafu, aliyekuwa mpiga picha wa kikosi katika miaka ya 1990. Aliishika kamera ile kwa mikono miwili, akaigeuza, akatabasamu kama aliyekutana na rafiki wa zamani. Kisha akauliza, "Afande, mmetazama ndani?"

Tulijibu kwamba tulikuwa tumetazama, na kwamba kwa bahati mbaya tuliiunguza filamu.

"Sisemi mgongoni," akasema. "Nauliza ndani ya kitundu cha kutazamia."

Hatukuwa tumetazama. Tulipoweka jicho kwenye kitundu kile na kugusa kitufe cha kupigia, tuliona chini ya picha tarakimu ndogo, safi, zikibadilika kila tulipoelekeza lenzi dirishani na kuirudisha ukutani. Kumbe kamera ilikuwa na vioo viwili vya tarakimu, kimoja juu na kimoja ndani. Kile cha juu kilikuwa kimeharibika, lakini cha ndani kilikuwa kikisema kweli. Maana yake ni kwamba ubongo wa kamera ulikuwa hai, ukipima nuru na kutoa hesabu kama ulivyofundishwa kiwandani. Kilichokufa ni mdomo mmoja tu.

Mzee alibonyeza vitufe vya kurudisha filamu, na mota iliyonyamaza kwa miaka mingi ikaanza kunguruma. Filamu ikarudi katika kikopo chake. Mzee akaitoa, akaiweka mfukoni, akasema kwamba mambo ya filamu yangesubiri. Kwanza tuishughulikie kamera.

JINSI KIOO KINAVYOFANYA KAZI

Hapo zamani kamera hazikuwa na tarakimu za umeme. Mpiga picha alitazama kijisindano kikipanda na kushuka, akapima kwa jicho. Mwaka 1976 kampuni ya Canon ya Japani ilitoa kamera ya AE-1, ambayo kazi zake ziliongozwa na ubongo mdogo wa umeme. Mwaka 1978 ikafuata A-1, yenye tarakimu nyekundu ziwakazo ndani ya kitundu cha kutazamia. Mwaka 1980 Nikon ilitoa F3, ambayo ndani ya kitundu chake mlikuwa na kioo cha fuwele oevu. Mwaka 1985 Minolta 7000 ikaweka kioo kipana cha aina hiyo juu ya mwili wake, kikionyesha mwendo wa shata, upana wa tundu la lenzi na idadi ya picha zilizokwisha pigwa.

Tofauti ya namna hizi mbili za tarakimu ni kubwa. Zile nyekundu ni vijitaa. Huwaka zenyewe na huonekana gizani, lakini hula betri. Kioo cha fuwele oevu hakiwaki. Hutumia umeme kidogo mno, na husomeka hata juani, ila usiku hakisomeki pasipo taa.

Ukikitazama kioo hicho waweza kudhani ni kitu kimoja, kumbe ni vipande viwili vya kioo chembamba vilivyounganishwa kwa gundi pembezoni, katikati pakiachwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Nafasi hiyo hujazwa umajimaji wa ajabu: hutiririka kama mafuta, lakini chembe zake zimejipanga kwa utaratibu kama askari gwarideni. Mbele na nyuma hubandikwa utando unaochuja nuru. Wakati umeme haupo, chembe hujipanga kwa mpindo na kuipitisha nuru. Umeme ukitoa amri, chembe husimama wima, nuru huzuiwa, nasi huona mstari mweusi. Mistari saba ya namna hiyo yatosha kuandika tarakimu yoyote kuanzia 0 hadi 9.

Umajimaji huo una historia ambayo askari hana budi kuijua. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, aliyekuwa akifanya kazi mjini Prague, aligundua kitu kilichoyeyuka mara mbili: kwanza kikawa kizito chenye ukungu, kisha kikawa safi kama maji. Kwa miaka mingi jambo hilo lilibaki kuwa ajabu ya maabara. Mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ilitangaza kwamba imetengeneza vioo vya kuonyesha alama kwa fuwele oevu. Lakini palikuwa bado na tatizo, kwani vitu vilivyojulikana wakati ule ama vilihitaji joto, ama viliharibika upesi. Ndipo Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilipogharimia utafiti katika Chuo Kikuu cha Hull, na mwaka 1973 George Gray na wenzake wakatangaza aina mpya ya fuwele oevu, imara, ifanyayo kazi katika joto la kawaida la chumba. Kwa hiyo kioo kilichoenea katika saa, vikokotoo na kamera kilipata nguvu yake kutokana na haja za jeshi.

MARADHI NA DALILI ZAKE

Mzee alitufundisha kwamba maradhi ya kioo ni ya namna nne, na fundi asiyeyatenganisha huharibu kuliko kutengeneza.

Namna ya kwanza si maradhi, bali ni hali ya hewa. Kamera ikiachwa juu ya dashibodi ya gari katika jua la Karamoja, kioo chaweza kuwa cheusi chote. Vijitabu vya maelezo vya kamera za miaka ile vilieleza kwamba kioo huelekea kuwa cheusi joto likikaribia nyuzi 60 za Selsiasi. Kwa upande mwingine, katika baridi ya chini ya nyuzi 0, kama ile ya vilele vya Rwenzori, tarakimu huchelewa kubadilika. Katika hali zote mbili dawa ni subira. Irudishe kamera kwenye kivuli au kwenye uvuguvugu, nacho kioo kitarudi. Wangapi wamezipeleka kwa fundi kamera zilizohitaji kivuli tu!

Namna ya pili ni tarakimu pungufu: 8 huonekana kama 3, au mstari mmoja hutoweka na kurudi unapoubonyeza mwili wa kamera. Mara nyingi kioo chenyewe ni kizima, ila umeme haukifikii. Kioo hakichomewi kwa risasi kama nyaya. Kati yake na saketi hukaa ukanda wa mpira wenye mistari myembamba, mmoja wa kupitisha umeme na mwingine wa kuuzuia, mmoja baada ya mwingine, na kwa sababu ya mistari hiyo mafundi wa ng'ambo huuita pundamilia. Uchafu au kutu ya betri iliyovuja ikiingia hapo, au skrubu zikilegea, baadhi ya mistari haipati amri. Maradhi haya hutibika.

Namna ya tatu ni kufifia na kugeuka rangi. Hapa unaougua ni ule utando wa kuchuja nuru, ulioharibiwa na jua na unyevunyevu. Wakati mwingine hutoa harufu kama ya siki. Utando waweza kubanduliwa na kubandikwa mwingine, lakini kazi hiyo yataka mkono mtulivu. Ukiubandika umegeuka kwa robo mzunguko, tarakimu zitatokea nyeupe juu ya weusi.

Namna ya nne ndiyo nzito, nalo ni lile doa jeusi linaloanzia pembeni na kuenea polepole. Gundi ya pembezoni imeachia au kioo kimepata ufa, umajimaji umevuja, hewa imeingia. Doa hili halina dawa. Hakuna fundi awezaye kukifungua kioo hicho, kukijaza na kukiziba tena juu ya meza yake. Dawa ni kioo kingine.

TAABU YA FUNDI

Je, kioo kingine hupatikana wapi? Hapo ndipo penye taabu. Kioo cha kamera hakifanani na balbu ambayo huuzwa kila duka. Kila aina ya kamera ilichorewa kioo chake, chenye alama zake na njia zake za umeme, kikapokea amri kutoka katika ubongo uliotengenezwa kwa ajili yake peke yake. Kioo cha kikokotoo au cha saa hakiwezi kuazimwa. Na watengenezaji, baada ya kuacha kuunda aina fulani ya kamera, huweka vipuri vyake kwa miaka kadhaa tu, kisha ghala hufungwa. Aliye na kamera ya miaka ya 1980 hana mlango wa kiwanda wa kubisha.

Imebaki njia moja, nayo imo katika methali ya Kiswahili: kufa kufaana. Fundi hutafuta kamera nyingine ya aina ile ile iliyokufa kwa ugonjwa tofauti, akatoa kioo chake. Lakini hata kioo hicho kina umri ule ule, na gundi yake imepitia miaka ile ile.

Mzee aliipata maiti hiyo katika studio moja ya zamani mjini Kampala, kamera iliyovunjika shata. Kabla ya kuanza alitandika kitambaa cheupe mezani. Aliondoa betri. Akatuonya kwamba kamera yenye taa ya mmweko ndani yake huhifadhi umeme wa volti 300 na zaidi katika kapasita, hata betri ikiwa imetolewa, na kwamba asiyejua namna ya kuutoa umeme huo asithubutu kufungua skrubu hata moja. Akatuonyesha pia kuwa bisibisi ya msalaba ya kawaida haikai sawasawa katika skrubu za Kijapani; huteleza na kula kichwa cha skrubu, na baada ya hapo hakuna awezaye kuifungua wala kuifunga. Yeye alikuwa na bisibisi zake maalumu, amezifunga kwa kitambaa kama mtu atunzaye wembe.

Kila skrubu iliyotoka aliibandika kwenye karatasi penye mchoro wa mahali ilipotoka, nasi tukapiga picha kila hatua kwa simu. Alishika chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kugusa saketi, kwa kuwa umeme tuli wa mwilini, ambao mtu hata hausikii, hutosha kuua ubongo wa kamera. Aliusafisha ukanda wa pundamilia kwa pamba na spiriti safi, akaacha ukauke. Akaweka kile kioo cha kuazima, akakaza skrubu zake kidogo kidogo, huku na huku kwa zamu, ili mgandamizo uwe sawa pande zote.

Alipotia betri, tarakimu zilitokea. Pembeni palikuwa na kidoa kidogo kama punje ya mtama, kwa maana maiti naye alikuwa ameanza kuugua. Lakini kila namba ilisomeka. Kazi ile ilichukua siku mbili, na hakuna duka ambalo lingetulipa thamani ya siku hizo.

FILAMU ILISEMA NINI

Mzee aliisafisha filamu ile mwenyewe, gizani, kwa dawa alizozipata pale studio. Ilikuwa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe ya picha 36. Alieleza kwamba filamu inapojizungusha ndani ya kamera, picha za mwanzo hukaa ndani kabisa na za mwisho hukaa nje. Nuru tuliyoiingiza sisi iliziunguza zile za nje, na vipande vyao vilitoka vyeusi tii. Zile za ndani, 14 kwa hesabu, zilisalia; zilikuwa na ukungu wa umri, lakini zilitambulikana.

Tulizitazama juu ya meza. Askari wanamenya mihogo chini ya mwembe, katika kambi moja ya kaskazini. Mmoja anamnyoa mwenzake kwa wembe. Koplo mmoja kijana ameketi juu ya sanduku la risasi, kofia magotini, akicheka na mtu asiyeonekana.

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akatueleza kwamba picha zile alizipiga yeye. Alipata uhamisho wa ghafla kabla filamu haijaisha, akaikabidhi kamera ikiwa na filamu ndani, na katika hati ya makabidhiano pakaandikwa tu: kamera moja, nzima. Aliyepokea hakuambiwa, na aliyemfuata hakuuliza. Yule koplo alifariki miezi michache baadaye, akaacha mke na mtoto mchanga.

"Na zile za mwisho?" tukauliza, ingawa tulilihofia jibu.

"Za mwisho nilipanga platuni nzima, Afande. Kila mtu na jina lake."

Hatukuwa na la kusema. Picha ile haitarudi, nasi ndio tuliofungua mgongo wa kamera.

Tuliipeleka picha ya koplo kwa familia yake. Mama alituandalia chai, akaipokea kwa mikono miwili, akamwita binti yake, ambaye sasa naye ni mama wa watoto. Binti yule hakuwa amepata kumwona baba yake katika sare. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Alikuwa akimchekea nani?" Tulimjibu kwamba alikuwa akimchekea mpiga picha, na mpiga picha huyo ndiye aliyekaa karibu yake wakati ule, akikoroga chai isiyo na sukari.

LA KUSHIKA

Ndugu wasomaji, twaweza kukunja mkeka kwa maneno machache. Kioo cha tarakimu ni msemaji wa kifaa. Kifaa chenyewe ni kitu kingine. Msemaji akinyamaza, usikimbilie kuandika kwamba nyumba nzima imekufa. Uliza kwanza: kifaa kimetoka juani au kwenye baridi? Betri ni mpya, na vituo vyake ni visafi? Pana kioo cha pili? Mota yasikika? Ukibonyeza, pana mstari unaorudi? Maswali hayo matano hayahitaji bisibisi hata moja.

Kadhalika, kamera ambayo kioo chake hakionyeshi idadi ya picha ihesabiwe kuwa ina filamu mpaka ithibitike kwamba haina. Askari hufundishwa kuihesabu kila bunduki kuwa ina risasi mpaka aikague. Na kamera iwe vivyo hivyo. Irudishe filamu kwanza, ndipo ufungue. Polisi mwenye kamera ya zamani katika ghala la vielelezo, neno hili na alichukue kwa uzito zaidi, maana ndani ya kikopo kimoja mwaweza kuwa na haki ya mtu.

Na anayekabidhi kifaa aandike kilichomo ndani yake. Maneno mawili, "ina filamu", yangeiokoa platuni nzima.

Kamera ile hatukuifuta. Tumeirudisha katika daftari kwa maneno haya: inafanya kazi, kioo kina doa dogo, haina filamu. Vijana wanaoingia ofisini kwetu huanza nayo. Hupewa kwanza ikiwa imefunikwa kile kioo cha juu kwa kipande cha karatasi, nao huambiwa watueleze kama iko hai.